Pedali ya Gitaa ya Mtumba: Ikaguliwe Kabla ya Kutupwa
Maandishi ya mazungumzo kwa vikundi vya muziki, Bukura



Kifaa kinachozungumziwa leo ni kidogo. Ni kisanduku cha bati chenye swichi ya kukanyagwa kwa mguu na vifundo viwili au vitatu vya kuzungusha. Sauti ya gitaa la umeme huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili ikiwa na mwangwi, au imenenepa, au imekwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Wapiga gitaa hukiita pedali. Zilizo mpya zina bei ambayo bendi nyingi za mashinani haziwezi kuimudu, kwa hivyo nyingi zinazosikika makanisani na harusini ni za mtumba. Zimetumika Uingereza, Japani au Marekani, zikapitia Nairobi au Kisumu, na huenda zimeuzwa mara tatu kabla ya kufika Bukura.

Kisa chake kinajulikana. Kikundi huchanga pesa kwa miezi. Mmoja hutumwa mjini, anarudi na pedali, na kwa wiki tatu kila mtu anafurahi. Kisha Jumamosi jioni, katikati ya mazoezi, taa nyekundu inakataa kuwaka, na kesho yake kuna harusi. Pedali inarushwa kwenye sanduku la nyaya mbovu, na mweka hazina anaanza kuulizwa maswali. Mara nyingi sana pedali hiyo haijafa. Imelishwa stima isiyo yake, au kiungo kimoja kimelegea, na ukarabati wake haufikii nauli ya kwenda Kisumu na kurudi.

Eneo hili lina kila sababu ya kujali sauti ya gitaa. Kisa, hapa jirani, ndiko alikotoka George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963, ambaye kwa mtindo wa omutibo alilifanya gitaa moja kavu lisikike kama mawili: kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinaimba juu yake. Bunyore nako kulitoa Abana ba Nasery, Shem Tube na wenzake, ambao mdundo wao ulitoka kwenye chupa ya Fanta inayokwaruzwa kwa chuma. Hao hawakuhitaji soketi. Gitaa la umeme lilipoenea, na baadaye benga ikashika kasi, mpiga solo alianza kutegemea nyaya, amplifaya na hatimaye pedali. Kampuni ya Boss ya Japani ilitoa pedali zake ndogo za kwanza mwaka wa 1977, na umbo lile halijabadilika sana tangu wakati huo. Hiyo ni habari njema kwa mnunuzi wa mtumba. Pedali ya miaka ya 1980 bado inafunguliwa kwa bisibisi ya kawaida, na sehemu zake nyingi ni zile zile zilizomo ndani ya redio ambazo mafundi wa Bukura wamekuwa wakizitengeneza miaka yote.

Kuhusu ununuzi wenyewe, asiyebeba gitaa asiende kununua pedali. Aende na gitaa lake, waya wake unaofanya kazi, na betri mpya ya volti 9. Muuzaji akisema hakuna haja ya kujaribu, aagwe kwa heshima. Kifaa kikiwashwa, vifundo vyote vizungushwe kutoka mwanzo hadi mwisho, swichi ikanyagwe mara ishirini, na waya utikiswe mahali unapoingilia. Mkwaruzo wakati wa kuzungusha si jambo la kuogofya, ila ni sababu nzuri ya kuomba bei ipunguzwe. Sauti inayokatika waya unapotikiswa nayo hutengenezeka. Cha kutia shaka ni skrubu ambazo vichwa vyake vimeliwa: hiyo ni dalili kwamba kifaa kimefunguliwa mara nyingi, na huenda si kila aliyekifungua alijua anachotafuta.

Risiti ni lazima, hata ikiwa imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, yenye jina la muuzaji, namba ya simu na namba ya kifaa kama ipo. Vifaa vya muziki huibwa kama vitu vingine. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamwandama mtu anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Bei iliyo ya chini kupita kiasi inaweza kuwa sababu hiyo.

Sasa stima, ambako pedali nyingi huangamia.

Stima ya nyumbani nchini Kenya ni ya volti 240. Ya Japani ni volti 100, na ya Marekani ni 120. Adapta iliyokuja na pedali kutoka Japani, ile yenye miguu miwili bapa, ikichomekwa kwenye soketi ya hapa hupokea zaidi ya mara mbili ya stima iliyotengenezewa. Kile kiunganishi kinachouzwa madukani ili miguu bapa iingie kwenye soketi ya matundu matatu hubadilisha umbo tu. Hakipunguzi hata volti moja. Kabla ya kuchomeka adapta yoyote, maandishi madogo mgongoni mwake yasomwe. Ikiwa imeandikwa 100 hadi 240, ni salama hapa. Ikiwa imeandikwa 100 peke yake, au 120, itafutwe nyingine, au transfoma ya kupunguza volti. Vifaa vikubwa vya mwangwi vinavyochomekwa moja kwa moja ukutani vinahitaji uangalifu huo huo.

Hayo ni ya upande wa ukutani. Upande wa pili, ule unaoingia kwenye pedali, una mtego mwingine. Pedali nyingi hutumia volti 9, na katika plagi yake ndogo ya mviringo ncha ya katikati ni hasi. Adapta nyingi za nyumbani ziko kinyume: katikati ni chanya. Kijana anapokosa adapta ya pedali, mkono wake huenda kwenye ile ya ruta ya intaneti au ya king'amuzi cha televisheni. Plagi inaingia vizuri kabisa, kana kwamba zilitengenezwa pamoja. Lakini adapta hizo kwa kawaida hutoa volti 12, na chanya iko katikati. Pedali inazimika papo hapo, wakati mwingine kwa kaharufu ka kuungua.

Hata hapo mambo hayajaharibika yote. Watengenezaji wengi waliweka kwenye mlango wa stima sehemu ndogo nyeusi yenye mstari mweupe, iitwayo dayodi. Kazi yake ni kufa kwa niaba ya wengine. Stima ikija kinyume, dayodi huichukua yote, huungua, na mara nyingi huacha mistari miwili ya stima ikiwa imegusana ndani yake. Kuanzia hapo pedali haiwaki kwa adapta wala kwa betri, na mwenyewe anaamini kila kitu kimeteketea. Fundi mwenye mita huipima dayodi hiyo kwa dakika moja. Ikiwa inapitisha stima pande zote mbili, huiondoa na kuweka mpya ya aina ya 1N4001 au 1N4007, ambayo bei yake haifiki ya chupa ya soda. Pedali ngapi zimetupwa kwenye mashimo ya taka kwa ajili ya kitu hicho ni jambo la kusikitisha kulifikiria. Kuna tahadhari moja, nayo ni kwamba baadhi ya pedali za kizamani za kukwaruza sauti, hasa zilizojengwa kwa transista za jemaniamu, zilitengenezwa chanya ikiwa katikati. Kwa hivyo mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa, ulio kando ya tundu la adapta, usomwe kila mara, hata na mzoefu.

Namba nyingine inayochanganya watu ni ya miliampia. Volti lazima zilingane. Miliampia za adapta zinaweza kuzidi zile zinazohitajika na pedali bila madhara, kwa sababu pedali huchota kile inachohitaji tu. Zikipungua ndipo matatizo huanza: sauti hukatikakatika, au adapta hupata joto jingi. Pedali rahisi ya kukwaruza inaweza kuridhika na miliampia 10. Ya mwangwi ya kidijitali hutaka 60 au zaidi, na kwa kiasi hicho betri ya volti 9 haimalizi ibada ndefu na mkutano wa alasiri.

Kuna pia pedali za zamani za Boss zilizoandikwa herufi ACA kando ya tundu la stima. Hizi zilitengenezewa adapta ya zamani iliyotoa volti zaidi kidogo ya 9. Zikipewa adapta ya kisasa ya volti 9 zikiwa peke yake, taa huwaka kwa unyonge au haiwaki kabisa, na sauti hukosa nguvu. Zikiwekewa betri mpya, zinafanya kazi vizuri. Mnunuzi anayejua hilo anaweza kununua pedali nzima kwa bei ya mbovu.

Kifaa kinaponyamaza, fundi mwenye haraka hukimbilia bisibisi. Ni afadhali kuanza na kilicho nje. Gitaa lichomekwe moja kwa moja kwenye amplifaya. Likisikika, waya wa kwanza ubadilishwe, kisha wa pili. Nyaya za gitaa hukatika ndani karibu na plagi, mahali zinapokunjwa kila siku, na kwa macho huonekana nzima. Ikiwa nyaya zote ni nzuri, adapta iondolewe na betri mpya iwekwe. Pedali ikiamka kwa betri, kosa liko kwenye adapta au kwenye tundu lake. Isipoamka, huenda waya umechomekwa upande usiofaa, na hili hutokea hata kwa watu wazima. Katika pedali nyingi, tundu la kuingizia gitaa ndilo swichi ya betri: plagi ikiingia pale, betri inaunganishwa, ikitoka, inakatwa. Waya wa gitaa ukichomekwa kwenye tundu la kutokea na ule wa kuingilia ukawa mtupu, taa haitawaka.

Ni kwa sababu hiyo hiyo betri huisha usiku. Mpiga gitaa anamaliza mazoezi, anazima amplifaya, anaenda nyumbani, na waya unabaki umechomekwa. Pedali haijui kwamba mazoezi yameisha, inaendelea kula betri hadi asubuhi. Kuchomoa waya ndiyo njia ya kuizima.

Baada ya hapo kifuniko cha chini kinaweza kufunguliwa. Stima iliyomo ndani ya pedali ya betri ni ya volti 9, haiwezi kumdhuru mtu, na hilo linaifanya pedali kuwa darasa zuri la kwanza kwa kijana anayetaka kujifunza ufundi wa elektroniki. Kwanza matundu ya waya. Nati zake hulegea kwa kutembezwa kwenye boda boda, tundu zima huanza kuzunguka, na waya mwembamba uliolehemiwa nyuma yake hukatika. Nati ikazwe, waya ulehemiwe upya kwa pasi ndogo ya wati 25 hadi 40, si ile kubwa ya kuzibia mabati. Kiungo kizuri cha risasi hung'aa na kulala laini. Kilicho na rangi ya majivu au chenye ufa wa mviringo kiyeyushwe tena na kuongezwa risasi mpya kidogo. Risasi nyingi za kulehemu zina madini ya risasi yenyewe, kwa hivyo dirisha liwe wazi na mikono ioshwe kabla ya kushika chakula.

Vifundo vinavyokwaruza ni uchafu na kutu ndani ya kile ambacho mafundi wengi hukiita voliumu. Dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme huingizwa kwa tone kupitia mwanya wake mdogo, kisha kifundo huzungushwa mara thelathini. Kusiwe na mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, wala mafuta ya bawaba za mlango. Hayo huonekana yamesaidia siku ya kwanza, halafu hukusanya vumbi la barabara na kuganda.

Betri iliyovuja huacha ukoko mweupe au wa kijani kwenye klipu yake. Ikiwa ni betri ya alkali, pamba iliyoloweshwa siki au maji ya limau kidogo huumaliza, kisha spiriti safi isiyo na mafuta hupitishwa, na kifaa kinaachwa kikauke kabisa. Kama klipu imeliwa hadi shaba, abadilishiwe mwenyewe mpya bila mjadala, ni kitu cha bei ndogo.

Kwa mafundi wa redio kuna njia inayookoa saa nyingi. Waya mmoja wa gitaa hukatwa, na kwenye msumari wake wa kati hulehemiwa kapasita ya mikrofaradi 0.1. Upande wake wa nje huunganishwa na ardhi ya pedali, na upande wa pili wa waya huenda kwenye amplifaya. Gitaa likipigwa au redio ikichomekwa upande wa kuingilia, ncha ya kapasita huguswa kwenye bodi hatua kwa hatua kuanzia mwanzo. Mahali sauti inapopotea, hitilafu iko kati ya hapo na hatua iliyotangulia. Hata asiye na mchoro wa saketi hufika mbali kwa njia hiyo. Katika pedali za umri mkubwa, kapasita zenye umbo la kopo, zinazokauka kwa miaka, ndizo za kushukiwa kwanza sauti inapokuwa na mvumo au imekosa besi. Zikibadilishwa, mguu wa hasi uende mahali ulipokuwa.

Ruhusa ya kufungua inaishia hapo. Amplifaya, hasa ya taa za kioo, si pedali. Ndani yake mna volti mia kadhaa, na kapasita zake huweza kuzishikilia hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Kijana aliyetengeneza pedali tatu kwa mafanikio yuko katika hatari kubwa kuliko asiyejua lolote, kwa sababu sasa mkono wake una ujasiri. Amplifaya ipelekwe kwa fundi aliyesomea kazi hiyo. Sigalagala National Polytechnic, mwanzo wa barabara hii, ina mafunzo ya umeme na elektroniki, na chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 polytechnic za vijijini ni wajibu wa kaunti. Kijana mwenye hamu aanzie huko.

Hatari nyingine haimo ndani ya kifaa chochote. Mpiga gitaa akigusa maikrofoni kwa mdomo akapigwa na shoti, hiyo ni ishara kwamba ardhi ya umeme haiko sawa, na bendi isimame hapo hapo, hata kama bwana harusi ameshaingia. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na amplifaya moja, maikrofoni na mixa nyingine, na mwili wa mwimbaji unageuka kuwa waya kati ya hizo mbili. Mguu wa tatu wa plagi usikatwe kamwe ili kuondoa mvumo. Vifaa vyote vya jukwaa vichukue stima kutoka soketi moja inapowezekana, na jenereta iwe na kikata stima cha miliampia 30. Nyaya za ukumbi au kanisa zikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EPRA.

Halafu kuna radi, ambayo Kakamega haihitaji kuelezwa. Ngurumo za alasiri zikisikika, kila kitu kichomolewe ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, kwa maana radi iliyoruka kutoka mawinguni haizuiwi na mwanya wa milimita chache.

Pedali zikae kwenye sanduku lenye kifuniko, juu ya rafu, si kwenye sakafu ya udongo wala chini ya dirisha linalovujiwa. Betri itolewe kama kifaa hakitatumika kwa mwezi. Vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu vina kazi nzuri humo, na mende wafukuzwe mapema, kwa sababu hupenda joto la amplifaya kuliko jikoni.

Kilichokufa kabisa kisichomwe pamoja na majani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe, na moshi wa bodi za elektroniki ni sumu kwa wanaoishi karibu. Kabla ya kukitupa, fundi akifungue na kutoa swichi, matundu, vifundo na nati zake, aviweke kwenye kopo lenye maandishi. Pedali itakayoletwa mwezi ujao ikiwa na tundu lililovunjika itapata tundu humo.